Usiilaumu Darubini Kabla Hujaikagua Lenzi ya Jicho

Katika stoo ya shule moja mjini Kakuma, baina ya ramani ya Afrika iliyotoboka na mpira uliokwisha pumzi, niliikuta darubini imelazwa chini, imefunikwa gunia kama maiti inayongoja wa kuizika. Mwalimu aliyenipeleka kuitazama alilifunua gunia, akapangusa vumbi kwa kiganja, akanambia: "Mzee, ndiyo hii. Tulipewa na wafadhili. Lakini haioni kitu."

Nikamwuliza, "Haioni kitu, au hamkupewa cha kuonea?"

Alinitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili. Sikukusudia kumtega. Nilikuwa nimekwisha kuyaona yaliyomo katika kisanduku kilichokuwa kando ya darubini ile, na yaliyomo niliyajua vyema, kwani miaka kumi na mitano iliyopita nilinunua darubini ya namna ile ile katika duka moja la Mombasa, nikaitukana usiku wa kwanza, nikaisukuma mvunguni, ikakaa huko miaka miwili mizima.

Kwanza, msomaji, nikueleze nilifikaje Kakuma, maana mtu wa pwani hapiti huko kwa bahati mbaya. Safari yangu ya Januari 2026 haikuwa ya darubini hata kidogo. Nilikwenda Lodwar kuyaona mawe ya Namoratunga, yaliyo kando ya njia iendayo Kalokol, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Ni nguzo 19 za mawe meusi ya basalti, zimesimikwa mchangani zikainama huku na huku, na wenyeji husimulia kuwa ni watu waliogeuka mawe wakiwa katika ngoma. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo zile zimepangwa kuelekea mahali zinapochomoza nyota ambazo Waborana huhesabia kalenda yao, Kilimia ikiwa mojawapo. Habari hiyo ikavuma. Kisha ikagunduliwa kuwa mawe yenyewe yana sumaku, yanaivuta sindano ya dira, na vipimo vikabidi virudiwe. Mjadala wa nyota na mawe hayo haujesha mpaka leo, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekwisha kuonesha kwamba baadhi ya nguzo za namna hiyo kando ya ziwa, kama zile za Lothagam, zilikuwa maziara ya wafugaji walioishi baina ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita.

Jambo la dira ndilo lililoniganda kichwani. Dira ile haikuwa mbovu. Kilichoiharibia kazi ni kitu kilichokuwa karibu nayo. Usiku ule, tumekaa juu ya paa la nyumba ya mwenyeji wangu Lodwar, upepo wa Turkana unatuvua kofia, nikamsimulia hayo pamoja na kisa cha darubini yangu ya mvunguni. Mwenyeji wangu ni mwalimu. Akapiga goti lake akasema, "Basi kuna mwenzangu Kakuma ana ugonjwa huo huo!" Kesho yake nikapanda matatu, kilomita 120 hivi, nimekumbatia mkebe wa halua. Ndani ya mkebe hamna halua. Mna lenzi zangu, nimezifunga katika kipande cha leso.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Darubini ya kioo, aliyoitengeneza Isaac Newton kwa mara ya kwanza mwaka 1668, ina sehemu mbili zifanyazo kazi mbili mbali mbali, na watu wengi huzichanganya. Kioo kikubwa kilichobonyea, kilicho chini ya bomba, kazi yake ni kukusanya mwanga na kuufanya picha. Picha hiyo hutokea mahali miali inapokutana, na masafa toka kioo hadi hapo ndiyo yaitwayo urefu wa fokasi. Darubini ya Kakuma, kama yangu, ina kioo cha upana wa milimita 114 na urefu wa fokasi milimita 900. Ukiielekeza mwezini, kioo hicho huchora mwezi mzima kwa upana wa milimita 8 hivi, yaani kadiri ya punje moja ya mahindi. Punje hiyo imejaa milima na mabonde, lakini ni punje. Ndipo inapokuja lenzi ya jicho, ile ndogo unayoichomeka ukatia jicho lako. Hiyo si kitu ila kioo cha kukuzia, cha kuitazamia punje ya mahindi. Kioo kikuu kikiwa hodari namna gani, ukiitazama picha yake kwa kipande cha plastiki chenye ukungu utaona ukungu. Ni kama kupewa msahafu wa hati nzuri kisha ukausoma kwa miwani ya jirani.

Darubini hizi za kuanzia, hata zile za bei nafuu, mara nyingi kioo chake ni cha kuridhisha. Watengenezaji hawana budi kukifanya kioo vizuri kiasi. Wanapobana matumizi ni kwenye lenzi ya jicho na miguu mitatu, wakijua kuwa mnunuzi dukani hatazami hayo. Mnunuzi husoma kisanduku. Na kisanduku changu, kama cha Kakuma, kilipigwa chapa kwa herufi nyekundu: MARA 675!

Hesabu ya 675 naifahamu sasa. Ukitaka kujua darubini hukuza mara ngapi, gawanya urefu wa fokasi wa kioo kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, ulioandikwa ubavuni mwa lenzi. Mle kisandukuni mlikuwa na lenzi ya milimita 20, ambayo hukuza mara 45. Mlikuwa na ya milimita 4, ambayo hukuza mara 225. Na mlikuwa na lenzi ya Barlow ya plastiki, ya kuzidisha mara tatu. Mia mbili ishirini na tano mara tatu ni 675. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba mwanga hauzidishwi kwa hesabu. Kioo cha milimita 114 kina mwanga wake na ukali wake wa picha, na ada inayojulikana ni kwamba hakivumilii zaidi ya mara mbili kwa kila milimita ya upana wake, yaani 228 hivi, tena katika usiku ambao hewa imetulia kabisa. Ukipita hapo huongezi kitu unachokiona. Unaitanua picha ile ile ikawa pana, ya kiza na yenye kuyeyuka, kama mchuzi uliotiwa maji mara tatu. Na huo utetemeshi wa miguu mitatu nao unakuzwa mara 675.

Tulipoitoa darubini uani jioni ya 20 Januari, mwezi ulikuwa mchanga, ukucha tu juu ya magharibi. Sisi tuliosoma chuoni, macho yetu huutafuta mwezi wa namna ile bila kuagizwa. Wanafunzi wakajipanga foleni. Shule ile ya bweni ina watoto wa Kiturkana na watoto wa wakimbizi, kwani Kakuma ni mji wa kambi tangu mwaka 1992, na ukijumlisha na Kalobeyei iliyo jirani wakimbizi ni zaidi ya laki mbili. Kwenye foleni ile nilisikia Kiswahili cha namna tano, na Kiarabu cha Sudan, na Kisomali, na wenye nchi wanaulizana "Ejok?" kwa sauti ya chini kama waliomo msikitini.

Nilitaka kwanza waone kwa lenzi zao wenyewe za kisandukuni, nisije nikaambiwa nimefanya mazingaombwe. Saa mbili za usiku Kilimia ilikuwa juu sana upande wa kaskazini. Tukaielekeza darubini huko na lenzi ya milimita 20. Lenzi hiyo ni ya mtindo wa Huygens, yule Mholanzi aliyegundua mwaka 1655 kwamba Zohali ina mwezi, na kisha akatueleza kuwa kile kinachoizunguka ni pete. Kwa zama zake mtindo ule ulikuwa neema, na kwa darubini zake ndefu kama mlingoti ulifanya kazi vizuri. Katika darubini fupi za leo ni kuchungulia kwa tundu la ufunguo. Lenzi ile ilitoa uwanja mwembamba, kiasi cha digrii 30 kwa jicho. Gawanya 30 kwa 45 upate sehemu ya mbingu unayoiona: theluthi mbili za digrii. Kilimia, nyota zake zile kubwa peke yake, ni kiasi cha digrii nzima. Basi kila mtoto aliona nyota mbili tatu katika giza, na zile za pembeni zina mikia. "Kilimia iko wapi?" akauliza mmoja. Nikamwambia, "Imekatwa kichwa na miguu."

Kisha tukatia ile ya milimita 4, tukaielekeza kwa Mshtarii, aliyekuwa aking'ara upande wa mashariki kama taa ya jahazi. Hapo ndipo nilipoelewa neno la mwalimu, kwamba haioni kitu. Tundu la kutazamia ni dogo kama la sindano. Kope inagusa kioo, mtoto anapepesa, lenzi inapata mafuta ya kope, picha inatia ukungu. Mwenye kupata bahati ya kumwona Mshtarii anamwona kama yai lililovunjwa linalochezacheza, kisha upepo unagusa bomba, naye anapotea kabisa. Wanafunzi kumi wa kwanza, wawili ndio waliosema wameona. Mmoja wao nadhani alisema kwa adabu tu.

Nikafungua mkebe wangu wa halua.

Lenzi niliyoitoa ni ya mtindo wa Plössl, ya milimita 25. Plössl alikuwa fundi wa vioo wa Vienna, na mtindo wake wa mwaka 1860 ni wa lenzi mbili mbili zilizogandishwa, jozi mbili zikitazamana. Kwa zaidi ya miaka mia haukuenea sana, ukarudi kwa kishindo miaka ya 1980 ulipoanza kutengenezwa kwa wingi, na sasa ndiyo lenzi ya heshima iliyo rahisi kuliko zote. Uwanja wake ni digrii 50 hivi. Katika darubini yetu hukuza mara 36 tu. Fikiri, msomaji: nimewatoa watoto wale katika mara 45 nikawarudisha nyuma kwenye 36, na mara 225 nikaitupa kando. Mwalimu alinong'ona, "Mzee, tunapunguza?" Nikamwambia tunapunguza.

Gawanya 50 kwa 36. Ni digrii moja na nusu kasoro. Kilimia ikaingia yote, na nafasi ikabaki pembeni.

Msichana mmoja, nasaba yake ya Sudan, alitia jicho akanyamaza, kisha akasema kwa Kiarabu chao jina ambalo mimi nililifundishwa na maalim wangu kwa bakora: Thuraya. Akaondoka mbele ya darubini bila kusukumwa, akaenda nyuma ya foleni kupanga upya. Baada yake foleni haikuisha tena. Mshtarii, kwa mara 36, huonekana mpana kadiri ya mwezi tuuonavyo kwa macho matupu, ni mviringo safi, na miezi yake minne imejipanga ubavuni kama punje za tasbihi. Hakuna aliyesema ameona kwa adabu.

Nilikuwa na lenzi ya pili, ya milimita 9, ya mtindo wa kisasa wenye uwanja wa digrii 60 na zaidi. Hiyo hukuza mara 100. Hapo Mshtarii alikuwa na michirizi yake miwili, na Zohali ilikuwa ni tunda lililochomwa sindano, kwani pete zake zilitugeuzia ukingo mwaka 2025 na bado hazijafunguka. Mwalimu alikuwa amewaahidi watoto pete pana kama za kwenye vitabu. Zitarudi, zitakuwa wazi kabisa kufika mwaka 2032. Wakubwa wao watakuwa wamekwisha kuoa.

Baada ya saa tano wanafunzi walipokwenda kulala, tulikaa na mwalimu kwenye mkeka. Ndipo aliponiambia la moyoni. Chama chao cha nyota kilikuwa kimefanya mchango, wakapata fedha, na mwalimu mkuu amekubali ziagizwe lenzi kutoka Nairobi. Lakini fedha ni hizo hizo, hazirudiwi. Wakikosea, darubini inarudi stoo na chama kinakufa. Akanionesha katika simu yake kile alichokuwa karibu kukinunua: sanduku la alumini linalong'aa, lenzi saba ndani, na vioo vya rangi sita, kila kitu kimelazwa kwenye sponji nyeusi. Ukilitazama unataka kulibusu.

Nikamwuliza anahitaji lenzi ya milimita 6 na ya milimita 4 za mtindo wa Plössl kufanyia nini. Katika mtindo huo, nafasi ya jicho, yaani umbali unaoweza kukaa mbali na kioo ukaona uwanja wote, hufuata urefu wa fokasi wa lenzi, ni kiasi cha robo tatu yake. Lenzi ya milimita 25 inakupa nafasi ya kutosha. Ya milimita 6 inakupa milimita 4 na kitu, kope tena juu ya kioo, tumerudi tulikotoka. Na mwenye miwani ndiye hana lake kabisa. Mimi huivua yangu, maana kutoona mbali au karibu darubini yenyewe hukusawazishia ukisogeza lenzi nyuma na mbele. Lakini mwenye jicho lililopinda umbo lake hana budi kubaki na miwani, naye anahitaji nafasi ya milimita 15 au zaidi. Mwalimu yule ana jicho hilo. Angenunua sanduku la lenzi saba akaweza kutumia mbili.

Na ile ya milimita 40 iliyokuwa sandukuni? Wauzaji huisifu kwa ukubwa wake. Lakini shingo ya lenzi hizi ina upana wa inchi moja na robo, na shingo hiyo ndiyo mlango. Plössl ya milimita 32 imekwisha kuujaza mlango wote. Ya 40 inakuza pungufu kwa sehemu moja ya tano, na mbingu haikuzidishii hata shubiri. Ni kama kununua kanzu pana zaidi ya kabati. Aidha kuna jambo la mboni. Mwanga utokao katika lenzi ya jicho ni nguzo nyembamba, na upana wake ni milimita za lenzi ukizigawanya kwa uwiano wa darubini. Uwiano wa darubini ya Kakuma ni 900 kwa 114, yaani karibu 8. Lenzi ya 25 hutoa nguzo ya milimita 3, ambayo mboni yoyote huipokea. Lakini wako wenye darubini fupi za uwiano wa 5, na hao wakitia lenzi ya 40 hutoka nguzo ya milimita 8. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi 7. Yangu mimi, niliyekwisha kupita hamsini, haifiki huko. Pengine ni 5. Mwanga unaozidi unamwagika juu ya shavu.

Wenye darubini hizo fupi wana mtihani mwingine pia. Uwiano ukiwa mdogo, miali hungia katika lenzi kwa pembe kali, na lenzi dhaifu hushindwa kuinyoosha pembeni. Kellner ya kawaida, mtindo wa mwaka 1849, huonesha nyota nzuri kabisa katika darubini ya uwiano wa 8, lakini ukiitia katika ya 5 nyota za pembeni hupata mabawa. Matajiri hutibu hayo kwa lenzi za mtindo wa Al Nagler wa Marekani, zenye uwanja wa digrii 82, alizozileta mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Nimewahi kutazama kwa moja. Ni kama kutoa kichwa dirishani. Lakini bei ya moja hununua darubini kadhaa kama ile ya Kakuma, na kuivika darubini ya kuanzia lenzi ya namna hiyo ni kumtia punda tandiko la dhahabu.

Basi tukakubaliana hivi. Kwanza Plössl moja ya 25, yenye vioo vilivyopakwa rangi ile ya kuzuia mwako, ambayo ukiigeuzageuza kwenye mwanga hung'aa kijani au zambarau. Mwalimu alipiga hesabu ya Kiturkana akasema ni bei ya mbuzi mmoja. Kisha, fedha ikibaki, moja ya milimita 9 au 8, si Plössl, bali ya mtindo mpana wenye nafasi ndefu ya jicho, ili naye aone na miwani yake. Barlow ije mwisho, ya kioo, ya kuzidisha mara mbili, kwani hiyo huigeuza 25 ikawa kama 12 na nusu bila kukunyang'anya nafasi ya jicho. Lenzi tatu. Alumini na sponji tukaviacha Nairobi.

Aliniuliza pia kwa nini nisimpe nguvu zaidi ya mara 100, hali mbingu ya Kakuma ni nyeusi kama wino. Nikamwambia mbingu nyeusi na mbingu tulivu ni vitu viwili. Ardhi ya Turkana hula jua kutwa nzima na kulitapika usiku. Hewa iliyo juu yake hucheza kama mvuke wa chungu. Na upepo wa bonde lile, wataalamu wameupa jina la Turkana, ndio ule ule uliowafanya watu wasimike mashine 365 za umeme wa upepo ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani. Upepo unaozungusha mashine 365 hautaiogopa miguu mitatu ya bati. Sehemu ile ngao yako ni kukuza kidogo, kuitoa darubini nje saa nzima kabla ili kioo kipoe, na kukaa nyuma ya ukuta. Weusi wa mbingu wenyewe hauhitaji nguvu. Lenzi ya 25 ukiielekeza upangani mwa Jabari, kwenye ile nyota inayoonekana kama imepakwa chaki, utakiona kiwingu chenye mabawa ambacho mimi Mombasa, na taa zote zile za bandari, nakiona kama alama ya kidole. Tulikitazama usiku ule mpaka saa saba.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja mpaka hapa, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi yake nilikuwa nakipanga kisanduku cha zamani nikaona mvulana mmoja, wa darasa la saba kwa kukisia, amekaa kwenye kivuli anachezea kitu kidogo cheusi. Kilikuwa kichujio, kipande cha kioo cheusi upana wa sarafu, chenye skrubu ya kukaza chini ya lenzi ya jicho. Kimeandikwa kwa Kiingereza: JUA. Akanambia amekisoma, anajua ni cha kutazamia jua, na anangoja mwalimu ampe ruhusa.

Nilisikia baridi katika joto la Kakuma. Kichujio hicho hukaa pale hasa kioo kikuu kinapoukusanya moto wote wa jua. Ni kama kuzuia mto kwa kifuniko cha chungu. Kikishapata moto hupasuka ghafla, na jicho liko nyuma yake. Ndani ya jicho, pale picha inapoangukia, hapana maumivu. Mtu huungua bila kujua mpaka baadaye anapoona doa lisiloondoka katikati ya kila anachokitazama. Kichujio cha kweli cha jua hufunika mdomo wa darubini mbele, moto ukazuiwa kabla haujaingia, nacho hununuliwa kwa aliyebobea.

Watu wa Turkana hawahitaji kuelezwa jua likipatwa huwaje. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha kupatwa kamili kilipita juu ya nchi yao alasiri, kwa sekunde chache, na watu walikuja toka pembe zote za dunia kukifuata. Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Makka litazibwa lote mchana. Turkana litamegwa sehemu. Siku hiyo, katika kila shule yenye darubini ya msaada, pana kichujio cha namna ile kinachongoja chini ya kisanduku, na pana mtoto aliyekisoma.

Nilimwita mwalimu. Hakuniuliza maswali. Alikichukua kile kioo, akakiweka juu ya jiwe, akakipiga kwa jiwe la pili mara tatu, na mvulana akapewa kazi ya kuzifukia chembe katika mchanga wa lagga ya Tarach. Alikwenda amenuna. Nikamwahidi kwamba nitamfundisha kuliangusha jua juu ya karatasi kwa tundu la sindano, na kabla ya matatu yangu kuondoka tulifanya hivyo kwa jalada la daftari lake.

Neno la vumbi, kwani sitaki barua. Lenzi ikiingia vumbi la Turkana usiipanguse kwa shati. Vumbi lile ni mchanga, utaichora. Lipulize kwa mpira ule wa kuoshea watoto masikio, ukiwa mkavu, na lenzi uielekeze chini. Mafuta ya kope yatoe kwa pamba safi yenye tone la spiriti, taratibu, baada ya vumbi kwisha. Usiku lenzi zikae ndani ya kitu chenye kifuniko. Mkebe wa halua unafaa sana.

Ile Plössl yangu ya 25 niliiacha Kakuma kwa amana mpaka yao ifike. Wiki tatu baadaye mwalimu aliniletea ujumbe kwamba imefika, pamoja na ya milimita 8, na kwamba yangu ataituma kwa mtu anayeteremka Mombasa. Akaongeza kuwa yule msichana wa Thuraya ameanza kuandika daftari la kila anachokiona na saa aliyokiona, na kwamba anataka kujua ile nyota ya chini kabisa kusini, inayong'ara peke yake, inaitwaje. Nimemjibu kwamba ni Suheli, na kwamba aitazame na lenzi ile ile ya 25.